Masinia Yangu Yalivyokwenda Vitani

Mimi ni mpishi wa harusi. Nina masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani, nina miiko mirefu ya kukorogea pilau, na nina masinia ya alumini ambayo hakuna mwali aliyeolewa Garsen miaka hii bila wageni kula juu yake. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba vita vya Wagiriki havikuwa shauri langu. Mimi niliporwa vyombo.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alifanya kazi Bura, kwenye mifereji ya skimu ya kilimo, akifungua na kufunga milango ya maji. Alipostaafu tukahamia Garsen kwa ajili ya biashara yangu. Alikuwa mtu wa watu. Akikaa kwenye benchi la muuza nyama akianza hadithi, wateja walisahau walikuja kununua nini, na muuza nyama mwenyewe alisahau kupima. Kisha kiharusi kikampiga. Mdomo ukarudi, mguu ukarudi, mkono wa kushoto ukagoma. Daktari akasema huenda ukarudi na huenda usirudi, muhimu ni mazoezi, akampa mpira mdogo wa kubinya. Mzee wangu akaugeuza ule mpira, akaniambia niwape mbuzi, yeye si mtoto.

Lililoniuma si mkono. Lililoniuma ni kwamba aliwaacha watu. Alikula chumbani, mlango umefungwa, kwa kijiko, kwa sababu mwenye mkono mmoja hata kunawa hawezi: wa kulia utausugua na nini? Wageni wakija alijifanya amelala. Muuza nyama alikuja mara ngapi, akakaa sebuleni na mfuko wa maini mkononi, akaambiwa mzee amepumzika. Nilipombembeleza sana mume wangu akanipa neno lake: siku mkono huu utakapoinuka, siku hiyo atatoka akae na watu, siyo kabla. Na mzee wangu akishasema amesema. Huo nao ni ugonjwa, ila hauna kliniki.

Basi mimi nikawa mtu wa kuangalia mkono. Asubuhi naangalia mkono, jioni naangalia mkono.

Yeye alikuwa akiangalia simu. Siku moja nilipita na chai nikaona wazee wa Ulaya, vitambi mbele, wamevaa sketi na mabati kifuani, wamejipanga uwanjani wanapiga kelele. Nikadhani ni wagonjwa wa mahali fulani wametolewa nje kupunga hewa. Akanieleza kwamba hao ni watu wenye akili zao, walimu na mafundi magari, ambao Jumamosi huvaa kama Wagiriki wa kale na kupigana vita vilivyokwisha kabla Yesu hajazaliwa. Nikauliza nani anawalipa. Hakuna. Nani anawalazimisha? Hakuna. Mshindi anapata nini? Hapati kitu, na isitoshe matokeo yanajulikana. Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Kesho yake akatoka chumbani bila kuitwa, akaja hadi jikoni, akaniomba sinia. Angeniomba nyumba ningempa. Nikamchagulia lile lililobonyea ukingoni, maana furaha ni furaha lakini biashara ni biashara. Akataka lifungwe kwenye mkono wa kushoto, kwa sababu Mgiriki hushika ngao kushoto. Nilikataa katakata kutoboa chombo changu, kwa hiyo nikaufunga mkono kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vikazunguka sinia ukingo hadi ukingo, na kwa kuwa vidole vyake havikushika kitu nikaongeza fundo kwenye kiwiko na jingine kwenye kifundo. Akasimama. Sinia likaning'inia hadi gotini kama mlango uliong'oka bawaba. Akasema sasa anahitaji watu.

Nikafurahi hadi nikaogopa. Mtu aliyekimbia watu sasa anataka watu, lakini anawataka wasimame pembeni yake wakitazama mbele. Alikuwa ameshafikiri: ukiwa kwenye safu hakuna anayekuangalia mkono, kila mtu anaangalia adui. Kukaa nao, kula nao, hapo bado. Hapo alikuwa anaungoja mkono uinuke.

Habari zikatembea kama zinavyotembea Garsen, yaani zikafika zimechoka. Wa kwanza kuja alikuwa mgema, Mgiriama wa makamo mwenye miguu ya kukwea minazi. Alisimama mlangoni akiwa ameudhika. Amesikia Wagiriama wanakusanyika kwetu Jumamosi na yeye hakuambiwa, amekuja kujua kosa lake ni nini. Tukamweleza kwamba ni Wagiriki. Akauliza hao ni wa Kaloleni ama wa Magarini. Mzee wangu akasema ni wa ng'ambo ya bahari. Mgema akafikiri, akasema jina halifanani hivyo bure, huenda ni mbari iliyopotea njia, na kama ni ndugu basi hawezi kuwakimbia. Tangu siku hiyo kila mzee wangu aliposimulia jinsi Wagiriki walivyoshinda, mgema alitikisa kichwa kwa fahari ya nyumbani.

Wa pili alikuwa muuza nyama. Msomali, mwili mkubwa, sauti ndogo. Yeye aliambiwa kuna kikundi kinakutana kila wiki, na kwa watu wetu kikundi kinachokutana kila wiki ni chama cha mzunguko. Akaja na daftari. Alipoelezwa kwamba hapa hakuna wa kupokea wala wa kutoa, hakuondoka. Jumamosi iliyofuata akauliza tena zamu yake lini, akaelezwa tena, akabaki tena. Nilimwelewa. Alikuwa amemkosa rafiki yake, na mwanamume hawezi kusema hivyo bila kisingizio cha fedha.

Wengine wanne walikuwa vijana wa bodaboda, ambao walikuwa na sifa moja kubwa: walikuwa na helmeti. Walizibandika nyuzi za fagio la plastiki juu kuanzia utosini hadi kisogoni, nyekundu na kijani, wakaendelea kubebea abiria vivyo hivyo katikati ya wiki. Mavazi yalitaka kuleta ugomvi. Kwenye simu sketi ilikuwa juu ya goti. Muuza nyama akasema magoti yake hayajaonwa na mama yake mzazi tangu akiwa mdogo, na hayataonwa kwa sababu ya Wagiriki. Tukakubaliana kikoi.

Tukahesabu, tuko saba. Safu ilitaka mtu wa nane. Wote wakanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimesimama pale kulinda masinia.

Silaha zikawa pondo, zile fito ndefu za kusukumia mitumbwi, ambazo binamu zangu wa Wenje walituletea wakicheka. Hapo ndipo chifu alipofika. Hakucheka. Hapa kwetu watu wamewahi kuona mikuki ambayo haikuwa ya mchezo, na fito nane zikisimama pamoja uwanjani si kitu cha kutazama mara moja ukaenda zako. Mtu wa ng'ombe alikuwa ametupita asubuhi, akarudisha ng'ombe nyuma mbio, akapiga simu. Mzee wangu akamweleza chifu mambo ya Wagiriki tangu mwanzo. Chifu akasikiliza, akauliza swali moja tu, hawa Wagiriki wanagombania malisho au maji? Akaambiwa hawagombanii chochote cha hapa. Akatuamuru tufunge vipande vya godoro kwenye ncha, akaondoka akigeuka geuka.

Sasa niieleze ngao, maana bila hiyo mtu hataelewa tulivyofedheheka. Ngao ya Mgiriki nusu yake inamfunika mwenyewe, na nusu inamfunika jirani wa kushoto. Kwa hiyo usalama wako haumo mkononi mwako, umo mkononi mwa aliye kulia kwako. Mzee wangu, kwa kuwa ndiye kiongozi, alisimama mwisho kabisa upande wa kulia. Swali likawa nani asimame kushoto kwake, afunikwe na sinia linalogusa goti. Vijana wa bodaboda wakaanza kufunga kamba za viatu. Mgema akasema macho yake hayapendi jua la upande ule. Nikasimama mimi. Hakuna la ajabu hapo, nimelala kushoto kwa mtu huyo miaka yote, na nilimpenda. Kushoto kwangu akaja mgema. Muuza nyama hakutaka kubanana na mwanamke asiye wake, wala na mtu anayenukia pombe ya mnazi, kwa hiyo tukampeleka mwisho kabisa kushoto, ambako alisimama kama nguzo ya kona ya boma.

Tukianza kutembea, mimi nilijisogeza kulia ili nipate kivuli cha lile sinia. Mgema akajisogeza apate kivuli cha langu. Vijana nao hivyo hivyo. Tukawa tunakwenda mbele hatua moja, pembeni hatua moja. Mara ya kwanza tuliishia kwenye vichaka vya mathenge, tukatumia saa nzima kuchomoana miiba. Mara ya pili tulivuka barabara ya Hola kwa ubavu, lori la ng'ombe likatungoja. Mzee wangu alisema hata Wagiriki wenyewe walikuwa na tatizo hilo, safu zao zilikwenda kulia. Nilimuuliza kama nao walikuwa na miiba.

Kisha ikaja kelele ya vita. Alituambia Mgiriki akishambulia hupiga ukelele mmoja wa kutia hofu: alala. Nikamwambia, mzee, hiyo haiwezekani. Akasema ndivyo ilivyo, ameisikia kwenye simu na ameisoma. Nikamwambia labda huko, lakini hapa neno hilo tayari lina kazi. Hakusikia. Basi tukashuka uwanjani tukikimbia, fito mbele, tukinguruma kwa nguvu zetu zote kwamba kuna mtu amelala. Mama mmoja wa Kipini aliyekuwa akipita na ndoo ya samaki akasimama, akatua ndoo.

"Nani alala?" akauliza kwa upole. "Na mukimpigia makelele hivo si tamuamsha?"

Mwisho wa wiki mji mzima uliijua. Ukipita sokoni mtu anakuuliza kama ameshaamka. Mzee wangu aliyasikia yote kupitia dirishani na hakubadilisha neno. Mimi nilikuwa nikisikia vibaya, kwa sababu mtu aliyelala kwetu nilimjua. Kila mazoezi yalipokwisha alikimbilia ndani na sinia lake, nimfungue mafundo nyuma ya mlango, asionekane akifunguliwa. Mkono ukishatoka kwenye tyubu uliangukia pajani. Nikiuliza vipi, anasema leo ameuhisi. Siku nyingine akasema umecheza. Mimi niliushika kila siku nikiupaka mafuta. Haukucheza.

Ikaja siku ya utamaduni pale uwanjani, na sisi tukaalikwa. Tulialikwa kwa sababu aliyeandika ratiba aliandika Wagiriama, kikundi cha pili. Siku hiyo hiyo mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupika pilau ya wageni. Niliona fahari tele kupata kazi mbili, mpaka asubuhi nilipokumbuka kwamba masinia ni yale yale. Nilikuwa nimepika usiku kucha na dada zangu, pilau imeiva, imefunikwa. Mwenye shughuli akaja kuuliza nipakue lini. Nikamwambia masinia yako vitani, yakirudi tutakula. Akatangaza hivyo kwa spika. Watu waliokuwa wameketi kwa heshima wakaanza kutuhimiza tupigane upesi.

Usiku ule mzee wangu hakulala pia. Nilipokuwa nikimfunga sinia alfajiri aliniambia nifunge kwa nguvu zaidi, mafundo mawili mawili. Akasema leo utainuka. Akasema amewaza sana, mkono umekosa sababu tu, na leo utaipata mbele ya watu. Nilivuta zile tyubu mpaka vidole vikaniuma na nikashindwa kumtazama. Niliogopa kuliko siku alipoanguka. Usipoinuka leo, nilijua atarudi chumbani, na safari hii hakutakuwa na Wagiriki wa kumtoa.

Adui walikuwa Waajemi. Kazi ya Uajemi ilichukuliwa na wanawake wa kwaya, ambao walipewa magunzi ya mahindi badala ya mishale, magunia mawili. Nilidhani watarusha kama watu wa kanisa. Nilisahau kwamba kiongozi wao ana kisa na mimi tangu harusi ya mpwa wake, nyama zilipoishia meza ya tatu.

Tuliingia. Kikundi cha kweli cha Wagiriama, wanawake waliovaa hando zao safi, zile sketi za marinda, walitutazama kutoka upande wa pili wakitafuta ndugu yao ni yupi. Mgema akawapungia upondo. Mzee wangu akatoa amri. Tukapiga ukelele wetu, na uwanja mzima ukajibu kwa pamoja kuuliza nani. Sisi tukarudia alala, wao wakarudia nani, na katikati ya maswali na majibu hayo tukaendelea mbele hatua moja, pembeni hatua moja, tukielekea hema la wageni.

Magunzi yakaanza. La kwanza likapita. La pili likanipata sikioni, la tatu begani, yote upande wa kulia, na niliona wazi kwamba kiongozi wa kwaya hakuwa akipigana na Ugiriki. Nikamtazama mzee wangu. Jasho lilikuwa likimtoka, shingo imesimama mishipa, uso mzima unainua, bega linainua, meno yanainua. Mkono uko pale pale. Gunzi jingine likaja, akaliona, na mimi nikaona kwamba ameliona.

Akatupa upondo. Miezi yote alituambia Mgiriki akitupa mkuki ni bora afe. Aliutupa, akalishika lile sinia kwa mkono wa kulia, akalivuta pamoja na mkono uliofungwa humo, akanigeukia, akawapa Waajemi mgongo, akanifunika. Magunzi yakampiga kisogoni. Mimi nikarudi nyuma, mgema akanikanyaga, vijana wakaanguka mmoja juu ya mwingine, na muuza nyama, ambaye ndiye peke yake aliyebaki wima, akaja akipepesuka na kuegemea nguzo ya hema. Nguzo ikakubali. Turubai likashuka taratibu juu ya chifu na wageni wake wote.

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Waajemi walikuja wenyewe kutuinua. Chifu akatoka chini ya turubai, kofia mkononi, akauliza kama sasa pilau inaweza kupakuliwa.

Masinia yakafunguliwa, yakaoshwa, yakajazwa. Likabaki la mzee wangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, sinia mapajani, mkono chini yake. Nilijaribu yale mafundo, yalikuwa yamelowa jasho na kukaza kama yaliyofungwa na shetani. Mwenye shughuli akaja kusema limebaki kundi moja halina chombo. Muuza nyama, mgema na mimi tukawa tumeinama pale, na watu wamesimama wanatazama fundo na mkono uliofungwa kwalo. Uso wa mzee wangu niliujua. Ulikuwa unatafuta mlango.

Nikaenda mbio kuleta kisu cha vitunguu. Niliporudi nilikuwa nimeshapanga: nikate haraka, nimshike kiunoni, nimtoe kwa nyuma ya magari, twende nyumbani.

"Hauinuki," akaniambia, na hakupunguza sauti. "Nimeujaribu mbele ya wote. Hauinuki, mama, basi."

Nikasema najua. Nikaweka kisu kwenye fundo.

"Acha tyubu," akasema. "Watu wana njaa. Pakua hapa hapa."

Nikamtandikia kanga chini ya sinia, nikaikunja mara nyingi sinia lisimuunguze, maana mkono ule hata moto usingemwambia. Nikapakua. Muuza nyama akaketi upande mmoja, mgema upande mwingine, na vijana wakaingia katikati. Nikaleta birika na bakuli. Walinawa wote, zamu ikafika kwake. Akautoa mkono wa kulia, akaushikilia hapo hewani, peke yake, mbele ya kila mtu. Mimi nikamwaga maji. Muuza nyama akauchukua kwa mikono yake miwili mikubwa, akausugua kiganja, akasugua kati ya vidole, akauachia.

Nilikwenda nyuma ya masufuria nikalia, nikafuta uso kwa mkono wenye pilipili, nikalia zaidi. Kutoka kule nilimsikia akianza hadithi. Ilihusu mlango wa maji wa Bura uliokwama usiku wa mvua, niliijua, na alikuwa akiiongezea chumvi. Katikati yake akakatiza, akamwambia kijana mmoja asiegemee ukingo atamwaga, kisha akamwambia muuza nyama kwamba nyama upande wake zimekwisha, amsogezee.